Tulienda kuhubiri disko matanga, tukafukuzwa. Tumekosea wapi?

Kijana_wa_Barani: Wapendwa hamjambo, niko Malindi. Kikundi chetu cha vijana kanisani tulisema mwaka huu tusikae tu ndani kuimba, tutoke tuibadilishe hii tabia ya disko matanga, yaani kupiga mziki usiku kucha kwenye msiba, maana watoto wa shule wanakesha huko, pombe ya mnazi inauzwa, halafu miezi kadhaa baadaye unaskia binti wa fulani ana mimba. Ijumaa tukabeba spika na jenereta mpaka matanga moja huko Ganda, saa tatu usiku tukaanza kuhubiri. Jamani! Waya zikang'olewa, mchungaji msaidizi akamwagiwa mnazi kwa shati, na alotufukuza ni mwenye msiba mwenyewe, mama mjane. Hilo ndo linaniuma. Si tumeambiwa sisi ni chumvi ya dunia?

Mama_Muyeye: Mwanangu, mlimuuliza huyo mama jeneza analipa na nini? Ile disko ndiyo huchangisha hela, asubuhi ndo mchele unanunuliwa. Nyinyi mwaja kumzimia mziki na mfukoni hamna hata mia.

Mzee_wa_Gongoni: Nimefanya kazi mashamba ya chumvi huku miaka sita. Chumvi ukiimwaga lundo, hapo hata magugu hayaoti. Ya kwenye mchuzi huioni.

Abu_Shella: Mimi Muislamu, mniwie radhi kuingilia. Kwetu mtu akifiwa majirani ndio wapikao. Halafu ndugu yangu, tangu yale ya Shakahola 2023, waumini wa mhubiri mmoja walipokutwa wamekufa njaa msituni, watu wakiona mhubiri wasomjua usiku wanaingiwa na hofu, hata mimi. Nendeni mchana, na sufuria.

Dada_Karani: Sawa mpikeni, lakini msilegee kabisa, mtoto wa darasa la saba hana kazi hapo saa sita usiku. Machifu wamepiga marufuku mara ngapi? Kaeni na wazee wa mtaa na wenye msiba, mchango ukusanywe mchana, kwaya yenu iimbe, watoto walale. Mkipata hela ya jeneza bila disko, nani atakodi dijei?

Kijana_wa_Barani: Mmenikalisha chini. Spika tuliikodi 3,000, petroli juu yake, na huyo mama hata jina lake hatukuuliza, nimeona haya kweli.

Mama_Muyeye: Basi nenda ukamuulize. Usiende mikono mitupu.

Kijana_wa_Barani: Kesho asubuhi, na gunia la mkaa na mchele kilo kumi. Mchungaji msaidizi anakuja pia, ila kasema atavaa shati kuukuu.