Makosa ya mgeni yanayoharibu injini: melini na kwenye reli

Kijana wa Kondele:
Hamjambo wakuu. Nina cheti cha umekanika wa magari, nataka kuingia chumba cha injini, iwe meli za hapa Kisumu au vichwa vya treni Nakuru. Najua nitaanza na matambara na oili. Ni makosa gani ya mgeni yanayoleta hasara kubwa?

Fundi wa Winam:
Karibu mdogo wangu. Huku ziwani anza na magugu maji. Yakivutwa na pampu huziba chujio la maji ya kupozea: presha inashuka, kisha joto linapanda. Hamia chujio la pili, funga vali za pande zote mbili za lililoziba, halafu legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kifuniko. Maji yakizidi kuruka bila kupungua, vali haijashika, usiguse nati. Yakikoma, legeza nati kidogo tu, tikisa kifuniko kikiwa bado kimeshikwa, ndipo uzitoe. Chujio hilo liko chini ya usawa wa ziwa. Kifuniko kikitoka huku vali inavuja, hutaweza kukirudisha, na chumba kitajaa maji.

Matambara yenye oili yatupe kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Yakirundikana yanaweza kupata joto yenyewe hadi yakawaka.

Dizeli Nakuru:
Kwenye reli, ogopa maji ndani ya silinda. Kichwa cha treni kikilala kimezimwa, maji ya kupozea yanaweza kupenya humo usiku, na maji hayashindiliki, tofauti na hewa. Ukipiga stata, konrodi (chuma kinachounganisha pistoni na kranki) inapinda. Kwa hiyo toa fyuzi ya stata, fungua vali za kupimia za silinda zote, zungusha injini kwa mkono. Injini ya mipigo minne (four-stroke) inataka mizunguko miwili kamili, ya mipigo miwili mmoja unatosha. Ukiona maji yanatoka, simama hapo hapo, mwite fundi. Pakiwa pakavu, funga vali, toa chuma cha kuzungushia, ndipo urudishe fyuzi. Cheki na dipstiki: oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji.

Kijana wa Kondele:
Asanteni sana. Na nikitaka kwenda baharini baadaye?

Fundi wa Winam:
Utahitaji mafunzo ya msingi ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini. Bandari Maritime Academy, Mombasa, wanayafundisha. Cheti cha kushika zamu ya injini kinataka umri wa miaka 16 au zaidi na miezi 6 baharini, au mafunzo maalumu yenye angalau miezi 2 baharini. Hakikisha siku zako zimeandikwa na kutiwa sahihi kabla hujashuka melini.