Kipimo cha endoskopi kwa mama wa miaka 68: achomwe sindano ya usingizi au apuliziwe ganzi ya koo tu?

Binti wa Mwandiga

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kigoma. Mama yangu ana umri wa miaka 68 na kwa muda mrefu amesumbuliwa na maumivu ya chembe cha moyo, akimeza omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa vipindi na kupata nafuu isiyodumu. Hivi karibuni ameanza kukwamwa na ugali anapoumeza, na nguo zake zimeanza kumpwaya. Daktari aliyemwona ameandika rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ili afanyiwe endoskopi, yaani kile kipimo cha kupitisha mpira mwembamba wenye kamera kutoka mdomoni hadi tumboni.

Daktari huyo alitueleza kwamba kipimo hiki hufanyika kwa namna mbili: mgonjwa anaweza kupuliziwa ganzi kooni akabaki macho, au anaweza kuchomwa dawa ya kumlegeza kupitia mshipa wa mkono. Mama anaziogopa zote mbili. Jirani yetu aliyefanyiwa kwa ganzi peke yake amemsimulia kwamba alihisi pumzi inamkatika, na kwa upande wa sindano, mama anaamini kwamba ni nusu kaputi ileile ya chumba cha upasuaji, ambayo mtu huingia bila uhakika wa kuamka. Ana shinikizo la damu na anatumia vidonge kila siku. Tena mama huelewa mambo ya hospitali vizuri zaidi anapoelezwa kwa Kiha, na sina hakika kama huko tuendako atampata wa kumweleza hivyo.

Nitakayemsindikiza ni mimi peke yangu. Naomba waliopitia kipimo hiki wanieleze walihisi nini hasa, walikumbuka nini baadaye, na ni maswali gani yafaa kuulizwa kabla ya kuingia chumbani.

Mzee wa Ujiji

Binti yangu, pole na uguzaji. Mimi nilifanyiwa kwa ganzi ya kupulizwa, nikiwa macho toka mwanzo hadi mwisho, na nitakueleza yote bila kupunguza wala kuongeza.

Ile dawa ni chungu, na baada ya muda mfupi koo linakufa ganzi kiasi kwamba unameza mate bila kuhisi kwamba umeyameza. Hapo ndipo watu wengi wanaposhtuka, kwa kuwa koo lisilohisi chochote humfanya mtu adhani limevimba na kuziba, ilhali liko wazi na hewa inapita kama kawaida. Mama aelezwe jambo hili mapema, kwa sababu nadhani jirani yenu alihofu hapo, kabla hata mpira haujaingizwa. Baada ya hapo nililazwa kwa ubavu wa kushoto, nikawekewa kidude cha plastiki cha kung'ata ili meno yasiubane mpira, nikaambiwa niache mate yatiririke nje na nisijaribu kuyameza.

Sehemu ngumu ni pale mpira unapopita nyuma ya ulimi. Mwili unakataa, unajikaza, machozi yanatoka na unataka kutapika ingawa tumbo ni tupu. Muuguzi alikuwa ameweka mkono begani kwangu akinihimiza nivute pumzi kwa pua, polepole, na nilipoufuata mdundo wa sauti yake yale makazo yakapungua. Mpira ukishafika tumboni, kilichobaki ni tumbo kujaa kwa hewa wanayoipuliza ili kuzikunjua kuta, na haja ya kucheua ambayo huwezi kuizuia. Hayo yalinisumbua lakini hayakuniuma. Walipochukua vipande vidogo vya nyama kwa ajili ya maabara sikuhisi chochote, na kama wasingeniambia nisingejua.

Kipimo chenyewe hakikufikia robo saa. Baada ya takribani saa moja ganzi ilikuwa imeisha, nikajaribu maji kidogo, nikanywa uji wa vuguvugu, nikatoka kwa miguu yangu nikiwa na akili timamu. Nikiambiwa nirudie, nitachagua ganzi.

Mwalimu wa Nzega

Dada, mimi nilichomwa sindano ya midazolamu, yaani hiyo dawa ya kulegeza, kwa hiyo uzoefu wangu ni tofauti na wa Mzee. Nakumbuka muuguzi akinibandika kifaa cha oksijeni puani na kingine cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni mwilini, nakumbuka daktari akiniuliza nafundisha darasa la ngapi, kisha kumbukumbu yangu inaanzia kwenye kitanda cha mapumziko. Mume wangu ananiambia kwamba wakati wote nilikuwa naitikia nikiitwa, na hata niligeuka mwenyewe nilipoombwa. Kwa hiyo naomba umhakikishie mama kwamba hii siyo nusu kaputi. Mgonjwa hupumua mwenyewe na huitika akiitwa, ila dawa humwondolea hofu na humzuia kuweka kumbukumbu.

Lakini suala hilo la kumbukumbu lina upande wa pili ambao sikuelezwa vya kutosha. Daktari alinipa majibu ya kipimo nikiwa nimeketi, macho wazi, natingisha kichwa kukubali kila neno, na kesho yake sikukumbuka hata moja. Mume wangu alikuwa amebaki nje kwenye benchi na hakuna aliyemwita. Ilitubidi turudi kuomba maelezo upya, na kwa mtu aliyetoka mbali kama ninyi hilo si jambo dogo. Omba majibu yatolewe mbele yako na yaandikwe.

Jambo la pili ni safari. Kwa saa 24 baada ya sindano hiyo mtu hapaswi kuendesha chombo chochote, kutia saini hati yenye uzito, wala kuachwa peke yake. Mimi nilijiona mzima jioni ileile, nikainuka kwenda jikoni na kuyumba hadi nikashika ukuta. Msimpandishe mama basi la kurudi Kigoma siku hiyo. Safari ya kupitia Nyakanazi, Kibondo na Kasulu ni ndefu hata kwa mtu mwenye nguvu zake. Tafuteni ndugu au nyumba ya kulala wageni Mwanza na msafiri baadaye.

Mkazi wa Urambo

Ninaandika nikiwa bado na uchungu, kwa hiyo mnivumilie. Nilifanyiwa kipimo hiki katika hospitali ambayo sitaitaja. Hakuna aliyenieleza hatua zitakazofuata, nilipuliziwa ganzi na mpira ukaingizwa karibu papo hapo, kabla dawa haijashika. Nilipoanza kujikaza na kuinua mkono kuomba wasimame kidogo, mtu alinishika mkono ule akaubana kitandani, na sauti ikaniambia nivumilie. Nilivumilia, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine.

Maumivu ya koo yaliisha baada ya siku chache. Kilichobaki ni kwamba nilipotakiwa kurudi ili waangalie kama kidonda kimepona, nilitafuta kila kisingizio nisiende. Nasema haya ili ndugu Binti ajue kwamba namna mgonjwa anavyotendewa mara ya kwanza ndiyo itakayoamua kama atarudi mara ya pili, na mama yako anaweza kuhitaji kurudi. Kumwambia mgonjwa avumilie hakuchukui nafasi ya ganzi, wala ya maelezo. Kabla mpira haujaingia, kubalianeni na daktari ishara ya mkono ambayo mama akiitoa, watasimama apumue. Na ulizeni pia wanasubiri dakika ngapi baada ya kupuliza.

Muuguzi wa Tabora

Nimefanya kazi katika chumba cha endoskopi kwa muda mrefu, na nimeguswa na ulichoandika, ndugu wa Urambo. Uliyotendewa hayakupaswa kutokea. Dawa ya lidokeini, ile ganzi ya kupuliza, inahitaji dakika chache kushika, na mgonjwa anayeinua mkono anapaswa kusikilizwa. Mara nyingi kusimama kidogo na kumkumbusha kupumua hukamilisha kipimo haraka kuliko kumshika kwa nguvu, kwa sababu koo lililokazwa huukataa mpira.

Ndugu Binti, nianze na jambo ambalo huenda litamtuliza mama. Umri wake unamsaidia. Makazo ya koo hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na kwa kawaida wazee huvumilia kipimo cha ganzi peke yake vizuri kuliko vijana. Wanaopata taabu zaidi ni vijana, na watu walioingia na hofu kubwa isiyozungumzwa. Upande wa pili, sindano ya usingizi ndiyo inayodai uangalizi zaidi kwa mzee. Midazolamu na dawa za jamii ya afyuni kama pethidini au fentanili, zinapochanganywa, zinaweza kupunguza kasi ya kupumua na kushusha shinikizo la damu. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa umri wa mama huanza na miligramu 0.5 hadi 1 ya midazolamu, pale ambapo kijana angeanza na 2 hadi 2.5, kisha husubiriwa angalau dakika mbili kabla ya kuongeza. Ipo dawa ya kuizima midazolamu, iitwayo flumazenili, na ya kuzima zile za jamii ya afyuni, iitwayo naloksoni. Uliza kama zote mbili zipo chumbani, pamoja na oksijeni na kifaa cha kidoleni. Ni maswali ya haki kabisa na mtaalamu mzuri hatakasirika kuulizwa. Ifahamike tu kwamba flumazenili huisha nguvu mapema kuliko midazolamu yenyewe, kwa hiyo aliyepewa huweza kusinzia tena na hapaswi kuruhusiwa kuondoka haraka.

Wapo pia wanaolazwa usingizi kabisa kwa dawa ya propofoli, na hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa usingizi wa kumsimamia mgonjwa peke yake. Kwa kipimo kifupi cha kutazama tumbo si lazima.

Kinachonifanya nisiamue moja kwa moja ni hicho ulichosema kuhusu kukwamwa na ugali. Mtu anayekwamwa na chakula huku anapungua uzito haruhusiwi kuahirisha kipimo hiki, na daktari anaweza kukuta umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umebana na akahitaji kuupanua. Kazi kama hiyo, au kufunga mishipa ya umio iliyovimba kwa wagonjwa ambao kichocho kimeharibu ini lao, huchukua muda zaidi kuliko kutazama tu, na hapo sindano humsaidia sana mgonjwa. Kwa hiyo ningemwomba daktari aanze na ganzi, lakini mama awekewe sindano ya mshipa mkononi tangu mwanzo, ili ikihitajika dawa iongezwe bila kuanza upya. Mkubaliane hivyo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Kufunga nako kuna umuhimu wake, kwa sababu tumbo lenye chakula huweza kurudisha kilichomo hadi kwenye mapafu, hasa koo likiwa na ganzi na mgonjwa akiwa amelegea. Asile chochote kwa muda wa saa sita kabla ya kipimo. Maji matupu yanaruhusiwa hadi ubaki muda wa saa mbili kabla ya kipimo, isipokuwa wakiwaambia vinginevyo. Chai ya maziwa, uji na togwa ni chakula, na wengi huahirishiwa kipimo kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai walichodhani hakihesabiwi. Kwa kuwa chakula humkwama, anaweza kuambiwa afunge muda mrefu zaidi au ale vyakula laini siku iliyotangulia. Kama ana meno ya bandia ayatoe. Mtaje dawa zote anazotumia, hasa za kuyeyusha damu, na mseme kama aliwahi kudhurika na ganzi kwa daktari wa meno.

Kuhusu Kiha, msieleze haya kwa mara ya kwanza mlangoni. Mweleze wewe mwenyewe nyumbani, hatua kwa hatua kama Mzee wa Ujiji alivyosimulia, kisha omba uruhusiwe kukaa karibu na kichwa chake mpaka mpira uingizwe. Baadhi ya vyumba vinakubali. Wakikataa, mfundisheni muuguzi maneno mawili ya Kiha, la kupumua na la kutulia. Nimewahi kufundishwa hivyo na mtoto wa mgonjwa, na mgonjwa yule alifungua mikono aliyokuwa ameikunja ngumi.

Binti wa Mwandiga

Asanteni sana, wazazi wangu na ndugu zangu. Nimemsomea mama maelezo ya Mzee wa Ujiji nikiyageuza kwa Kiha, na aliuliza maswali ambayo hajawahi kumwuliza daktari, hasa kuhusu ile hali ya koo kuhisi limeziba. Amekubali kuanza na ganzi na kuwekewa sindano ya mshipa kama muuguzi alivyoshauri, na anasema ishara yake itakuwa kuinua mkono wa kulia. Tumepata kwa ndugu pa kulala Mwanza.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Vidonge vya shinikizo la damu avimeze asubuhi ya kipimo au aviache? Na omeprazo anayoitumia sasa?

Muuguzi wa Tabora

Vidonge vya shinikizo kwa kawaida humezwa asubuhi ileile kwa funda dogo la maji, kwa sababu shinikizo likipanda sana kipimo huahirishwa. Wapigie hospitali mthibitishe kwa jina la dawa yake. Omeprazo huweza kuwaficha bakteria wa vidonda vya tumbo wasionekane katika vile vipande vya maabara, hivyo wengi huelekezwa kuiacha wiki mbili kabla. Lakini kwa mtu anayekwamwa na chakula usiiache kwa uamuzi wako, mwulize daktari aliyeandika rufaa.

Na baada ya kipimo, koo kuwasha na tumbo kujaa gesi ni mambo ya siku moja au mbili. Akipata maumivu makali ya kifua au tumbo, akipumua kwa shida, akitapika damu, akipata choo cheusi au homa, mrudishe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hiyo nayo ni sababu ya kutoharakia basi.