Mjadala: Aliyetuma rambirambi kwa simu, ahesabiwe amehudhuria msiba?

Ndugu zangu, salaam. Hoja hii imetugawa kikundini kwetu, na naamini si sisi peke yetu. Ni kikundi cha kufa na kuzikana, watu tuliokulia mtaa mmoja Temeke. Leo tumetawanyika, huyu Kigamboni, yule Bunju, mwingine Chanika. Katiba yetu inasema mwanachama akifiwa, kila mmoja anatoa mchango na anafika msibani. Asiyefika bila udhuru anapigwa faini. Sasa imeletwa hoja tufute faini hiyo: atakayetuma mchango kwa simu na kuandika pole kwenye grupu ahesabiwe amehudhuria. Mimi napinga.

Waliokua enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam wanayakumbuka matangazo ya vifo. Linatajwa jina la marehemu, wanatajwa ndugu na mikoa waliko, inasemwa mazishi yatafanyika wapi. Tangazo lile lilimwita mtu aje. Aliyelisikia alibaki na swali la nauli tu. Fungua sasa grupu lolote la ukoo au la watu waliosoma pamoja, utakuta tangazo linaishia hivi: "Rambirambi zitumwe namba hii, jina litatokea fulani." Ratiba ya mazishi ipo, lakini kinachofuatiliwa ni orodha. Mweka hazina anaibandika asubuhi na jioni: jina, kiasi, tiki. Chini yake zinapangana "Poleni sana wafiwa, Mungu awatie nguvu", nyingi zimenakiliwa kama zilivyo, kiasi kwamba wa kwanza akikosea herufi, kosa lake linashuka na wote mpaka mwisho.

Sina ugomvi na kutuma pesa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kabla ya hapo pesa ya msiba wa kijijini alikuwa anapewa kondakta wa basi ndani ya bahasha, ikifika imefika. Leo jeneza linanunuliwa na gari linakodiwa marehemu angali mochwari. Familia ngapi zimeokolewa na fedheha kwa njia hiyo! Tatizo langu linaanzia pale orodha ya michango ilipogeuka kuwa daftari la mahudhurio. Inaonyesha nani katoa na katoa ngapi. Haionyeshi nani alilala kwenye mkeka pamoja na mfiwa. Watu nao wanakimbilia kile kinachoonekana.

Na msibani kuna nini? Wanawake wanachambua mchele, wanaosha masufuria, wanalala chumba kimoja na mfiwa mpaka matanga yaanuliwe. Wanaume wako nje chini ya turubai, karata na bao mpaka usiku wa manane. Ukipita utadhani hawafanyi lolote. Lakini nimemwona mtu aliyefiwa na mkewe, usiku wa pili, akitoka ndani na kuja kukaa kwenye benchi. Akaangalia karata kwa muda mrefu bila neno. Kisha akaanza mwenyewe kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa akimgombeza kwa kuacha taa zinawaka. Hakuna aliyemuuliza. Waliacha kucheza, wakamsikiliza mpaka alfajiri. Sioni mtu akiyaandika maneno yale kwenye grupu la watu mia mbili, wala hakuna ambaye angeyajibu.

Tena tazameni tumebakiwa na nini. Kupiga hodi kwa rafiki bila taarifa kumekwisha. Ukitokea mlangoni hujapiga simu, wenyeji wanashtuka, wanadhani umeleta habari mbaya. Harusini huingii bila kadi, na kadi hupati bila mchango. Jioni za vijiweni nazo zimepungua, na hata mnapokaa wawili, mmoja anajibu ujumbe wa asiyekuwepo. Msiba ndio mkusanyiko pekee ambao rafiki bado anaruhusiwa kuja bila kualikwa. Huo nao tukiuruhusu uhudhuriwe kwa kidole, sijui tutakutana wapi.

Wenzangu wanaonipinga wana hoja nzito, na sitaki kuzipunguza. Mmoja anasema tatizo ni mji, si simu. Kutoka Bunju mpaka Chanika siku ya kazi ni kuunganisha daladala na kurudi usiku, na mwajiri hana habari na urafiki wenu. Ni kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku nne za likizo kwa kifo cha mwenza, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Rafiki hayumo. Kijana wa ajira ya kutwa ndiyo kabisa, asipokwenda kazini halipwi.

Dada mmoja kikundini ndiye aliyenigusa zaidi. Alisema: "Kaka, hivyo vijiwe mnavyovililia vilikuwa vyenu wanaume. Sisi tulikuwa jikoni." Kwake simu ndiyo iliyomrudishia marafiki wa shule aliowapoteza alipoolewa. Na mwenzetu mwingine anafanya kazi za ndani Muscat. Alipofiwa na mama yake hakuruhusiwa kusafiri, akazika kwa kuangalia simu huku dada huyo amemshikia kamera makaburini. Nani atamwambia huyo kwamba hakuhudhuria? Mimi siwezi.

Lakini angalieni mfano huo vizuri. Ili wa Muscat azike kwa simu, ilibidi mwingine awe amesimama makaburini na viatu vyake vimejaa udongo. Wote tukituma, nani atashika kamera? Huruma tunayompa aliyezuiwa na bahari isitumiwe na mtu wa Mbagala ambaye Jumamosi nzima alikuwa nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Mchango utumwe kwa simu, hilo lisiwe na mjadala. Mahudhurio yaandikwe peke yake. Aliyeko nje ya nchi au mgonjwa asidaiwe. Aliyebanwa na kazi siku ya mazishi asitozwe faini, ila afike nyumbani kwa mfiwa kabla ya arobaini, hata jioni moja, hata kwa nusu saa, na mikono mitupu akitaka. Asipofika ndani ya muda huo, faini imhusu.

Kikao chetu ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ninyi wa vikundi vingine, mmelimalizaje? Na wenye wanachama mikoani, siku arobaini zinawatosha au niombe miezi mitatu?