Mrejesho: Gemu langu la bao sasa linachezeka kwenye simu

Wakuu, naleta mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza mambo mawili: gemu langu la bao la Kiswahili lianze na sheria zote au nizipunguze, na kwa nini linakwamakwama kwenye simu za bei nafuu.

La kwanza, nimewafuata walionishauri kuanza na bao la kujifunza. Kete 64 zote ziko ubaoni tangu mwanzo, mbilimbili kila shimo, kwa hiyo mgeni hahangaiki na nyumba (shimo maalumu la kila mchezaji) wala kunamua (kuingiza kete za mkononi ubaoni moja moja). Bao kamili, lile la kuanza na kete 22 mkononi, litafunguka baadaye.

Kuhusu kukwama: Godot, programu ya kutengenezea magemu, nimebaki nayo, ila kete hazigongani tena kwa hesabu za fizikia. Kila shimo lina picha yake kulingana na idadi, na inayotembea ni kete moja tu. Simu ya mdogo wangu inalichezesha vizuri kabisa.

Kuna aliyependekeza kete ziruke moja kwa moja hadi shimo la mwisho kuokoa muda. Hapo nimekataa. Utamu wa bao ni kuzifuata kwa macho, shimo kwa shimo, usikie "ta, ta, ta" huku roho juu, hujui kama utakula au utalala, yaani zamu yako iishe. Wenye haraka nimewawekea kitufe cha kuharakisha.

Kilichobaki ni kompyuta kama mpinzani. Bado inacheza ovyo. Mwenye uzoefu wa kuifundisha kuangalia mitaji (hatua za kula kete) miwili mitatu mbele, naomba mwongozo. Asanteni sana.