Mnemba, Mafia au Diani? Tumepata kadi za kuzamia, hela ni ya mawazo

Mzamiaji_Mpya
Wakuu, habari za humu. Mimi na mwenzangu tulimaliza kozi ya Open Water, ile ya mwanzo ya kuzamia, kadi tunazo mkononi. Sasa tunataka safari yetu ya kwanza ya kuzamia bila mwalimu kutushika mkono. Tunavutana kati ya Mnemba kule Unguja, Mafia na Diani ya Kenya. Malazi inabidi tulipie wiki hii. Wazoefu, wapi panatufaa sisi wachanga wenye mfuko mwembamba?

kasa_wa_Utende
Mkuu, hapo ni sawa na kuingia duka la dawa ukasema "nipe dawa". Mnaenda mwezi gani? Mfuko mwembamba ni shilingi ngapi? Siku ngapi, daivu (kuzamia mara) ngapi? Mnatokea wapi? Ni wakazi au wageni, maana ada za hifadhi zinatofautiana sana? Na mara ya mwisho kuingia majini ilikuwa lini?

Bint_Chumbageni
Nakazia maswali ya kasa. Ongeza na hili: kuna yeyote kati yenu aliyesumbuliwa na masikio kwenye kozi? Hilo linaweza kubadilisha safari nzima.

Mkazi_wa_Galu
Diani, na sitazunguka. Mnapanda boti Shimoni, mnaenda hifadhi ya bahari ya Kisite. Sehemu kubwa ya miamba iko kati ya mita 5 na 15, kwa hiyo mita 18 ambazo ndizo mwisho wa kadi yenu zinawatosha na zinabaki. Kasa wako wengi, pomboo unawapita njiani ukielekea Wasini. Ukitokea Nairobi ndiyo raha zaidi: treni ya SGR daraja la kawaida, unashuka Miritini, feri ya Likoni, matatu mpaka Ukunda.

Mzamiaji_Mpya
Haya, maelezo haya hapa. Tuko Dar, wote raia. Mwenzangu ni mke wangu. Likizo imeangukia katikati ya Juni, siku sita. Tuna milioni mbili kwa wote wawili, na tungependa daivu nne kila mmoja. Kozi tulimaliza Januari, tangu hapo hatujagusa maji. Sikio la kushoto la mke wangu lilikuwa linagoma kuzibuka siku mbili za kwanza, baadaye likakubali. Vifaa vyetu ni miwani tu, vingine tutakodi.

Mkazi_wa_Galu
Juni? Basi Diani naitoa mwenyewe. Huo ni moyo wa kusi. Bahari imechafuka, maji yana ukungu, na vituo vingi vya huku na Watamu Mei na Juni huwa vimefunga, watu wanakarabati boti. Rudini Desemba mpaka Machi wakati wa kaskazi, nitawapokea mwenyewe stendi ya Ukunda.

kasa_wa_Utende
Sasa tunaongea. Juni jibu ni Mafia, na sababu ni Ghuba ya Chole. Ghuba imekingwa na visiwa, kusi linaishia nje. Ndani kuna miamba ya mita 8 mpaka 15, unazamia huku upepo unavuma huko nje na wewe huna habari. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, ya kwanza nchini, na matumbawe yake yanaonyesha. Kufika: basi la Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, halafu boti mpaka Kilindoni, halafu bajaji au bodaboda mpaka Utende. Ni safari ya siku nzima lakini nauli yake ni ndogo ukilinganisha na ndege.

Msitegemee kuona papa potwe, hao ni wa Oktoba mpaka Februari. Na mlango wa Kinasi msikubali kupelekwa daivu ya kwanza. Ni pazuri mno, lakini maji yanapita pale kwa nguvu na mtu anapaswa kuingia saa ya maji kujaa, siyo saa yoyote.

NahodhaMstaafu
Kasa anasema kweli kuhusu Chole, ila amesahau hesabu. Siku sita, mbili zinaliwa na njia. Boti ya Nyamisati nayo inafuata maji na hali ya bahari, ikiahirishwa mmebaki siku tatu. Ada ya hifadhi inalipwa kwa siku hata kama hujazamia. Milioni mbili itapumua kwa shida.

Mimi nitataja mahali ambapo hakuna aliyepataja: Mji Mkongwe. Kila mtu akisikia Unguja anakimbilia Mnemba, kumbe upande wa magharibi, mbele ya mji, kuna Pange, Bawe na Murogo. Juni kisiwa chenyewe kinakukinga na kusi. Unatoka ufukweni, boti nusu saa au chini yake, mwamba wa Pange unaanza mita 3 unashuka mpaka 14 hivi, chini mchanga. Kuna na ile meli ya kutandaza nyaya, Great Northern, iliyozama mkesha wa mwaka mpya 1902. Iko kama mita 12, matumbawe yameishika, chewa wanakaa humo. Meli ya kuzama ambayo mwenye kadi mpya anaruhusiwa kuiona, wangapi wanapata nafasi hiyo?

Maji hayana uangavu wa Mnemba, nasema ukweli. Siku nyingine unaona mita 10, basi. Lakini boti ya Dar inakushusha bandarini, unatembea kwa miguu mpaka nyumba ya wageni ya Malindi, jioni unakula Forodhani. Hela yote inaingia kwenye daivu.

Ng'ambo_Boy
Mnemba mnaionea. Mwamba wa kule, samaki wa kule, hamna mfano. Ukilala Matemwe ni karibu tu, siyo lazima uzunguke na boti ya Nungwi.

NahodhaMstaafu
Sijaiponda Mnemba. Nasema bei. Daivu mbili kule mara nyingi zinavuka dola 100 kwa mtu, bado ada ya hifadhi. Zidisha kwa wawili, zidisha kwa siku mbili, halafu niambie wanakula nini.

Bint_Chumbageni
Mnashindana mahali, mimi naona mtu anapaswa kuchagua kituo kwanza. Niwaambie yaliyonikuta, jina la kituo sitaji.

Ilikuwa Unguja, kadi yangu bado mpya kama yenu. Asubuhi tukapewa vifaa ufukweni. Hakuna aliyeomba kuona kadi, hakuna aliyeuliza nimezamia mara ngapi. Tulikuwa saba kwa kiongozi mmoja. Nikamwambia kijana wa vifaa kwamba kitufe cha kuingiza hewa kwenye jaketi la kuelea kinanata, ukikibonyeza hakirudi. Akakimwagia maji ya chupa, akakibonyeza mara mbili tatu, akasema kiko poa. Kwenye boti maelezo yalikuwa: tunashuka, tunafuata mkondo, tunapanda. Kina hakikutajwa.

Tumeshuka, mkondo unakimbiza. Kiongozi yuko mbele na wageni wawili wenye kamera, sisi wa nyuma tunapiga mapezi kumfuata. Nikachungulia kompyuta ya kupima kina ya mama mmoja Mholanzi pembeni yangu: mita 24. Kadi yangu mwisho 18. Nikagonga mtungi kumwita kiongozi, hakugeuka. Geji yangu ya hewa inasoma 80 wakati mama wa watu ana 130, maana mwenye hofu anavuta hewa mara mbili. Nikaongeza hewa kidogo kwenye jaketi ili nipande kufikia kina changu, na hapo ndipo kitufe kikanata. Hewa inaingia tu. Naanza kupanda na sitaki kupanda. Nikavuta kamba ya begani kutoa hewa, mkono wa pili nikachomoa bomba la jaketi kama mwalimu wangu alivyotuzoesha bwawani, na muda wote huo napumua, sibani pumzi. Nikasimama kwenye mita 8. Yule mama akanifuata, akanishika mkanda, tukakaa mita 5 kwa dakika tatu, tukatoka juu.

Boti hatuioni. Mawimbi yanatupiga usoni, miluzi tunapuliza, mpaka wavuvi wa ngalawa ndio waliotuonyesha kwa nahodha. Kiongozi alipopanda aliniambia, "Siku nyingine unifuate." Hela hawakurudisha hata senti.

Kwa hiyo mleta mada, kabla hujatoa shilingi, mpigie mwenye kituo: kiongozi mmoja anachukua watu wangapi? Kwa wachanga akisema zaidi ya wanne, kata simu. Oksijeni ipo kwenye boti? Je, mnaombwa kadi? Asiyekuuliza kadi hajali uko vipi. Na chemba ya mgandamizo, ya kutibu mzamiaji aliyepanda vibaya, iliyo karibu iko wapi, na inafanya kazi? Mtu anayejua kazi yake anakujibu papo hapo.

Ng'ambo_Boy
Pole sana dada. Lakini usiichafue Unguja nzima. Mimi niko kwenye boti hizi kila siku, kuna vituo vinakagua mpaka pete ya mpira kwenye mtungi.

Bint_Chumbageni
Sijaichafua kaka yangu, na huwa narudi huko. Ndiyo maana nimempa maswali, sijamwambia asiende.

Muscat_Kusini
Mngekuwa huku Oman ningewapeleka visiwa vya Daymaniyat. Kasa na papa potwe, maji ya kijani.

kasa_wa_Utende
Sheikh, watu wana milioni mbili za Kitanzania.

Dkt_wa_Upanga
Suala la sikio msilipite haraka. Amuone daktari wa masikio, pua na koo kabla ya safari. Asimeze dawa ya kuzibua pua ili azamie. Nguvu ya dawa ikiisha akiwa chini, hewa inakwama sikioni wakati wa kupanda, na hapo huna ujanja wa kubaki chini. Azibue akiwa bado juu ya maji, ashuke kwa kamba, miguu mbele, azibue kila baada ya nusu mita kabla maumivu hayajaanza. Likigoma, apande kidogo ajaribu tena. Likigoma tena, daivu imeisha, na mume asinune.

Mzamiaji_Mpya
Asante daktari, hilo la kununa limenifikia. Swali: tukienda Mafia kwa boti na kurudi kwa ndege ndogo, siku ya mwisho tunaweza kuzamia asubuhi? Hizi ndege zinapita chini chini.

kasa_wa_Utende
Haziendi juu sana, na Mafia ni mwendo wa nusu saa tu.

Dkt_wa_Upanga
Hapana. Mwongozo wa DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, unahesabu safari za kuanzia mita 600 hivi juu ya bahari, na ndege ndogo inafika huko. Ukizamia daivu moja, subiri muda wa saa 12. Ukizamia siku kadhaa mfululizo, saa 18. Rudini kwa boti au acheni siku ya mwisho ya kutembea.

kasa_wa_Utende
Sawa, nimekuelewa daktari. Rudini kwa boti.

Mkazi_wa_Galu
Kadi zenu ni za shirika gani, PADI au SSI? SSI wana vitabu kwenye simu...

Ng'ambo_Boy
Usianzishe hiyo hapa. Zote mbili ni mita 18, zote zinakubalika. Mwalimu ndiye kila kitu.

Mkazi_wa_Galu
Siyo kuanzisha. Nauliza kwa sababu wamekaa miezi mitano nje ya maji. Wote wawili wanahitaji daivu ya kujikumbusha, na bei yake iingie kwenye bajeti.

NahodhaMstaafu
Hilo ni la maana. Daivu ya kwanza iwe mwamba wa mita 6, mtoe miwani muirudishe, mtafute rigileta (cha kupumulia mdomoni), mpime upya risasi, ule uzito wa kuwashusha. Maji ya bahari siyo ya bwawa, na wengi wanabebeshwa risasi nyingi mno, ndipo wanamaliza hewa kwa kupigania kuelea.

Na kuna kitu kimoja hakigharimu senti: tarehe. Mnasema katikati ya Juni, katikati ipi? Angalieni mwezi mwandamo. Mwezi mpya na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu, mkondo unakimbia, matope yanatibuka. Siku ya saba mpaka ya kumi ya mwezi mwandamo, na ya ishirini na mbili mpaka ya ishirini na tano, ni maji mafu. Mkondo umepoa, maji yanasafika. Mtu mmoja anarudi anasema Pange pabaya, mwenzake anasema pazuri, kumbe walikwenda wiki mbili tofauti. Likizo ikisogezeka siku nne, sogezeni, iwe Mafia au Mji Mkongwe.

Mzamiaji_Mpya
Hili la maji mafu mwalimu hakutuambia kabisa. Nitamwomba bosi. Mke wangu amesoma uzi wote, anasema yeye ni Mafia kwa sababu ya Chole. Mimi moyo uko kwa ile meli ya 1902. Malazi tunasubiri kwanza.

kasa_wa_Utende
Msikilize shemeji.

NahodhaMstaafu
Shemeji ana sikio. Kutoka Mji Mkongwe, likigoma, anarudi kutembea mjini na hela ya njia hajapoteza.

Bint_Chumbageni
Kodini na kompyuta, kila mtu na yake. Msikubali kugawana moja.

Ng'ambo_Boy
Ninayo ya mkononi nauza, imetumika, iko Darajani.

Bint_Chumbageni
Betri ulibadilisha lini, na mpira wa mfuniko uliubadilisha pamoja nayo?

Ng'ambo_Boy
Betri mwaka jana. Mpira ni ule ule.

Bint_Chumbageni
Nunua mpira kwanza, ipeleke mita 10 ikae nusu saa, halafu weka bei hapa.