Tarehe tatu tofauti za kujifungua, na tumeambiwa kesho aanzishiwe uchungu. Tufuate ipi?

BabaKijacho

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi mtusaidie kabla ya kesho asubuhi.

Mke wangu ana mimba ya kwanza. Hedhi yake ya mwisho ilianza 2 Machi, na mzunguko wake ni wa siku 33, haurukiruki. Kadi ya kliniki imeandikwa makadirio 9 Desemba. Utrasaundi ya kwanza ilipigwa 25 Mei, ikasoma wiki 11 kamili, makadirio 14 Desemba. Ya pili ilipigwa 2 Novemba, ikasoma wiki 36 na siku 1, makadirio 29 Novemba. Leo ni 12 Desemba. Aliyempima leo kashika karatasi ya mwisho, kasema mimba ina wiki 41 na siku 6, arudi kesho aanzishiwe uchungu.

Presha 118/74, mkojo hauna protini, mtoto anacheza kama kawaida, kichwa kiko chini, maji ya uzazi yanatosha. Njia bado imefunga na shingo ya kizazi ni ngumu.

Tarehe ya kweli ni ipi? Huko kuanzishiwa kunafanywaje, na tukiomba kusubiri tunamhatarisha mtoto? La mwisho: bi mkubwa katuma majani ya kuchemsha kutoka kijijini, anasema akinywa leo uchungu unakuja usiku huohuo.

---

Mkunga_wa_Zamu

Kaka, hongereni. Tuanze na hesabu, maana uamuzi wote wa kesho umesimama juu yake.

Kanuni ya kadi ni hii: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, ongeza miezi 9. 2 Machi inakupa 9 Desemba, aliyeandika kadi hakukosea kujumlisha. Ila kanuni hiyo ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, ambaye yai lake hutoka karibu siku ya 14. Shemeji ni wa siku 33, yai lake hutoka karibu siku ya 19, kwa hiyo unaongeza siku 5. Unafika 14 Desemba, ileile ya utrasaundi ya Mei. Njia mbili zisizotegemeana zimekupa jibu moja. Hiyo ndiyo tarehe yenu.

Kwa nini si ile ya Novemba? Wiki ya 11 mashine inapima urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni, na umri huo watoto karibu wote hulingana ukubwa, awe wa mama mrefu au mfupi. Makosa yake ni kama siku 5 hadi 7. Kuanzia wiki ya 28 hivi watoto wameshaachana, mwingine mnene, mwingine mwembamba. Mashine inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, inalinganisha na wastani, halafu inatoa umri. Mtoto mkubwa anasomeka kama mzee. Makosa yanaweza kufika wiki 3 kwenda mbele au nyuma. Siku ile ya 2 Novemba mimba ilikuwa na wiki 34 kamili. Kusoma 36 na siku 1 kunamaanisha mtoto wenu ni mkubwa kiasi, basi.

Tarehe ikishathibitishwa na kipimo cha mapema haibadilishwi na kipimo cha mwishoni. Hili linakosewa sana, na sababu yake ni ndogo mno: karatasi mpya hubanwa juu ya faili na ya zamani inabaki chini.

Kwa hiyo leo ni wiki 39 na siku 5. Wiki 41 zinatimia 21 Desemba, na 42 ni 28 Desemba. Hata mkikomaa na tarehe ya kadi, leo ni wiki 40 na siku 3 tu.

Kwa wanaosoma na hawana kipimo cha mapema: Shirika la Afya Duniani linapendekeza utrasaundi moja kabla ya wiki 24. Kama hela ni ya kipimo kimoja tu, ipigwe mapema, msiitunze hadi mwezi wa nane ili mjue jinsia.

---

Dkt_Wodi_ya_Wazazi

Naunga mkono hesabu ya mkunga. Niongeze kwa nini wiki 41 ndiyo mstari wenyewe.

Kondo la nyuma halina saa ya kuzima, lakini kadiri wiki zinavyosogea kuelekea 42 uwezekano wa mtoto kuchoka, maji kupungua, au mtoto kujisaidia tumboni na kuyavuta maji hayo machafu unapanda. Uswidi walifanya utafiti wa wanawake wapatao 2,760: kundi moja lilianzishiwa uchungu wiki 41, lingine likasubiri hadi 42. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kumalizika, kwa sababu kundi la kusubiri lilipoteza watoto 6 na lile jingine halikupoteza hata mmoja. Matokeo yalichapishwa 2019. Na walioanzishiwa hawakupasuliwa zaidi ya wenzao, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Kwa hiyo kusubiri hadi 21 Desemba kwa mama mwenye vipimo kama vya shemeji ni sawa kabisa. Kusubiri baada ya hapo ni mazungumzo mengine, na mimi nisingeshauri. Shirika la Afya Duniani nalo halipendekezi kuanzisha uchungu kabla ya wiki 41 kama mimba haina tatizo. Tatizo ninalolisema ni kama presha ya mimba, kisukari kisichotulia, mtoto kudumaa tumboni, au chupa kupasuka bila uchungu kuja. Likitokea mojawapo msihesabu siku tena, nendeni.

Sasa namna ya kuanzisha. Kwanza shingo ya kizazi inapewa alama za Bishop: imefunguka sentimita ngapi, imefupika kiasi gani, laini au ngumu, imeelekea mbele au nyuma, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Jumla ni 13. Ikiwa 6 au chini, shingo haijaiva. Ya shemeji, imefunga na ni ngumu, iko chini sana. Kuiwekea dripu ya uchungu shingo ya namna hiyo ndiko kunakozaa kesi za "ameteseka siku mbili, kisha kapasuliwa". Lazima iivishwe kwanza, kwa njia mbili kuu.

Ya kwanza ni mpira wa Foley, uleule unaotumika kutolea mkojo. Unapitishwa kwenye shingo ya kizazi, kipuli chake kinajazwa mililita 30 hadi 60 za maji safi ya hospitali, mkia unabandikwa pajani. Unaikandamiza shingo hadi ifunguke kama sentimita 3, kisha unatoka wenyewe. Usipotoka, huondolewa ndani ya saa 12 hadi 24. Hauwekwi kama kondo limekaa chini au kuna dalili za maambukizi. Faida yake kubwa: hausababishi mikazo ya kupitiliza kama dawa.

Ya pili ni misoprostoli, mikrogramu 25 za kumeza kila saa 2, au mikrogramu 25 ukeni kila saa 6. Kabla ya kila dozi mikazo ihesabiwe na mapigo ya mtoto yasikilizwe. Uchungu ukishakuja vizuri, dozi inayofuata haitolewi.

Shingo ikiiva ndipo hufuata kupasua chupa na dripu ya oksitosini, yaani dawa ya kuleta uchungu. Mpangilio wa kawaida ni yuniti 2.5 ndani ya mililita 500, kuanza matone 10 kwa dakika, kuongeza 10 kila nusu saa hadi ipatikane mikazo 3 ndani ya dakika 10, kila mmoja ukizidi sekunde 40. Hapo kasi haipandishwi tena. Kama alipewa misoprostoli, saa 6 zipite kwanza. Kinachoharibika mara nyingi ni hapa: dripu imefunguliwa kwa kukadiria, hakuna aliyehesabu matone, mama anapata mikazo zaidi ya 5 ndani ya dakika 10 na mtoto hapati nafasi ya kupumzika kati ya mkazo na mkazo. Ikitokea, dripu inafungwa, mama analazwa ubavu wa kushoto, mapigo yanasikilizwa papo hapo. Ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Haya yote yafanyike mahali penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku huo, si kile kinachosubiri mtaalamu wa usingizi atoke mjini.

---

Mfamasia_Mtaani

Daktari kagusa dozi, nami nataka kuikazia kwa sababu naona inavyokwenda kombo. Vidonge vingi vya misoprostoli vilivyopo ni vya mikrogramu 200, vimetengenezwa kwa kazi nyingine, mojawapo kuzuia kutoka damu baada ya kujifungua. Mikrogramu 25 ni sehemu moja ya nane ya kidonge. Hakuna wembe unaokata kidonge vipande nane sawa. Kimoja kitakuwa na 15, kingine 40. Wodi zenye utaratibu huyeyusha kidonge kimoja kwenye mililita 200 za maji, hukoroga kila mara kabla ya kupima maana dawa hutuama chini, kisha humpa mama mililita 25. Kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Siku hizi vipo pia vidonge vya mikrogramu 25. Ni haki yenu kuuliza: "Mnampa kiasi gani, na mnakipimaje?" Na asitokee mtu wa kuwauzia hivi vidonge mkavitumie nyumbani.

Majani ya bi mkubwa. Simdharau mzee, na baadhi ya miti hiyo inakaza kizazi kweli. Tatizo liko hapohapo. Haijulikani kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani, na ikishanywewa hakuna bomba la kufunga kama la dripu. Mbaya zaidi ni mama aliyekunywa asubuhi, kanyamaza, kisha hospitali wakamwekea dawa juu yake. Kama kuna chochote alichokunywa, mwambieni mkunga, hata kama mnajua mtasemwa. Mafuta ya nyonyo nayo huleta kuharisha na kutapika, mama anaingia kwenye uchungu akiwa amekauka maji.

Tende zina afadhali. Utafiti mdogo wa Jordan wa 2011 uliona waliokula tende 6 kwa siku wiki nne za mwisho walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi. Ni mdogo, msiujengee nyumba. Mwenye kisukari cha mimba aziache.

---

BintiTudor

Nami niulize hapo hapo. Aliyezaa kwa operesheni mimba ya kwanza, naye yuafaa kuanzishiwa kwa vidonge hivyo?

---

Dkt_Wodi_ya_Wazazi

Hapana, dada. Mwenye kovu la operesheni kwenye kizazi hapewi misoprostoli mwishoni mwa mimba kwa sababu kovu linaweza kuachia. Uchungu ukija wenyewe, wengi wenye kovu moja la mkato wa chini wa kulala wanaweza kujaribu njia ya kawaida hospitalini. Ikibidi aanzishiwe, mpira wa Foley ndio huchaguliwa, na dripu hutumika kwa tahadhari kubwa, chini ya daktari. Mkato wa wima wa juu, hapana kabisa. Kovu la nje kwenye ngozi halikuambii mkato wa ndani ulikuwaje, hivyo tafuta karatasi ya upasuaji wa kwanza, na uulize mapema, usingoje wiki ya 40.

---

BabaKijacho

Asanteni sana. Majani nimeyaweka pembeni, mama nitaongea naye mwenyewe. Kesho tukifika wakasema ni lazima, tujibu vipi bila kuonekana wakorofi?

---

Mkunga_wa_Zamu

Nendeni, msikae nyumbani, maana kutotokea ndiko kutakakowaweka vibaya. Bebeni karatasi ya Mei na muiweke juu ya faili. Shemeji aseme mwenyewe, ndiye mwenye mwili na ndiye anayetia saini: "Mzunguko wangu ni wa siku 33, na kipimo cha wiki 11 kilitoa 14 Desemba. Naomba daktari aangalie tarehe upya kabla hatujaamua." Wengi wakiona karatasi hiyo wanabadilisha wenyewe.

Kama bado wanataka kuanzisha, ulizeni sababu ni tarehe tu au kuna kitu wamekiona leo. Wakisema maji yamepungua, ulizeni kipimo: kina cha dimbwi kubwa la maji hayo kwenye utrasaundi kikiwa chini ya sentimita 2, au jumla ya madimbwi manne chini ya 5, hiyo ni sababu halali na mimi ningewaambia mkubali. Presha ikiwa 140/90 au zaidi, vivyo hivyo. Ikiwa ni tarehe peke yake, ombeni waandike kwenye kadi: makadirio 14 Desemba, arudi kupimwa presha, maji na mapigo ya mtoto baada ya siku tatu nne, na 21 Desemba alazwe.

Tarehe 18 au 19 anaweza kuomba mkunga atenganishe kwa kidole utando wa chupa na ukuta wa kizazi wakati wa kupima njia, kama shingo itakuwa imefunguka kiasi cha kidole kupita. Inauma kidogo, matone ya damu yenye ute ni kawaida siku hiyo, na huongeza nafasi ya uchungu kuja wenyewe. Damu inayotiririka si kawaida.

Siku hizi za kusubiri mtoto afuatiliwe kwa kucheza kwake. Akipunguza, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata saa nane usiku. Kunywa soda baridi na kusubiri kuona kama atashtuka ni kupoteza muda. Vivyo hivyo kichwa kuuma sana na kuona ukungu, au maji kutoka yakiwa ya kijani.

21 Desemba ikifika bila uchungu, aende asubuhi akiwa amekula, na wewe ujipange kwa siku mbili. Kwa mimba ya kwanza, shingo ikiwa ngumu, kuivisha peke yake kunaweza kuchukua saa 24, na mtu asikubali kuambiwa "imeshindikana" baada ya saa sita za dripu ikiwa mama na mtoto wako salama.