Tupeane uzoefu: gemu yako ya chesi (sataranji) ya mashindano iliyoanza na d4

Wakuu habari za baridi. Hii kitu imenikaa tangu Jumamosi naomba niitoe hapa. Raundi ya tatu, ukumbini hapa Mbeya, niko nyeupe. Nikaanza d4 (yaani kitunda, ile kete ndogo, kwenda kisanduku cha d4 ubaoni), akajibu d5, nikasukuma c4, akajibu e6, farasi c3, farasi f6, nikaleta bishopu g5 nimbane yule farasi maana akitoka malkia wake analiwa. Akaweka farasi mwingine d7, tukalana vitunda pale d5, mimi nikaona kile kitunda hakina mlinzi wa kweli, nikakila na farasi fasta. Dogo wa miaka kama 12, sweta ya shule mikono imemzidi, akala farasi wangu na yule yule niliyembana! Nikala malkia moyo unadunda, akashusha bishopu b4, cheki, yaani anamshambulia mfalme wangu. Mfalme hana pa kwenda, wa kuziba ni malkia wangu tu. Malkia akaliwa, bishopu wangu pale d8 akaliwa na mfalme, ukihesabu nimepoteza farasi kwa kitunda. Kumbe wanauita Mtego wa Tembo. Nyie je?

Wa Kihesa: Kamwene kaka, pole sana. Mimi nilikuwa nyeusi, nikala kitunda cha c4, yeye e3, nikang'ang'ania kukilinda kwa b5. Dada wa watu katulia, a4, nikaweka c6, akala, nikala, akamtoa malkia f3. Njia wazi mpaka ngome yangu ya a8! Nikaziba na farasi c6, akaliwa tena kwa cheki. Siku hizi kile kitunda simng'ang'anii mtu, namwachia natoa kete zangu.

Mwalimu Njombe: Vijana wangu, hii d4 iheshimuni. 1927 Buenos Aires, Capablanca na Alekhine wanagombea ubingwa wa dunia, gemu 34 na 32 kati ya hizo ni mwanzo huo huo wa d4, d5, c4 na e6. Ninachowasisitizia watoto wangu jioni ni kwamba kete iliyobanwa mbele ya mfalme wake ndo haitoki, iliyobanwa mbele ya malkia inatoka muda wowote, kwa hiyo kabla hujala angalia cheki zote alizonazo mwenzio.

Mleta mada: Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo pale hatua ya sita ningecheza nini?

Mwalimu Njombe: Marahaba. e3, halafu bishopu wako mwingine d3. Kitunda cha d5 kiache hapo hapo.